Uzi: Hakimiliki inatupa ari ya kubuni programu, au inampa mwenye pesa jasho letu?

Mleta uzi (Kampala)

Wadau, salaam. Uzi ni mrefu, naomba mvumilie.

Kila mara nasikia kwamba vijana wa Uganda hawabuni programu za maana kwa sababu wizi umezidi, na kwamba dawa ni kuikaza hakimiliki. Niliamini hivyo miaka mingi. Siku hizi siamini tena, na nitawaeleza kilichonibadilisha ili mnisahihishe nilipopotoka.

Mwaka 2018 shule moja ya msingi kando ya barabara ya Jinja iliniita niwaandikie programu ya karo. Mhasibu wao, mama mmoja mtaratibu sana, alikuwa na daftari kubwa la jalada gumu, kila mtoto na mstari wake. Wazazi wa pale hawalipi kwa mkupuo. Leo mzazi anatuma elfu hamsini kwa Mobile Money, wiki ijayo analeta elfu thelathini mkononi, na msimu wa mavuno anashusha gunia la maharagwe jikoni. Maharagwe yanapimwa, yanapigiwa bei ya siku hiyo, kisha yanakatwa kwenye deni la mtoto. Programu zote za karo nilizokuwa nimeziona zilijua pesa tu. Nikakaa na yule mama jioni nne, yeye akisoma daftari, mimi nikiuliza. Mwisho nikaweka kisanduku cha malipo ya vitu: aina, kilo, bei ya siku, jina la aliyepima. Ukijaza, salio la mtoto linashuka papo hapo. Nimeandika mengi tangu hapo, lakini hakuna ninachojivunia kama kile kisanduku.

Tulikubaliana kwa mdomo, shilingi milioni mbili. Nililipwa zote, sina deni nao.

Mwaka 2022, shule zilipofunguliwa baada ya ile miaka karibu miwili ya korona, niliitwa shule nyingine, mbali kabisa na ile, kutengeneza printa. Nikaona kwenye meza ya mhasibu programu yangu. Jina lilikuwa jingine, nembo nyingine, na chini kabisa namba ya simu ya fundi nisiyemjua. Lakini kisanduku cha malipo ya vitu kilikuwa palepale, na lile neno la Kiingereza la "imepokelewa" bado lilikuwa na herufi mbili zilizopishana. Kosa hilo nililifanya mimi usiku wa manane, nikasahau kulirekebisha. Nilisimama pale bisibisi mkononi, sikuweza kusema kitu.

Kumbe shule ya kwanza ilimpa fundi mwingine faili zote, naye akaziuza kwingine. Nikaenda kwa wakili nikiwa na hasira. Swali lake la kwanza: "Mkataba uko wapi?" Sikuwa nao. Akafungua Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya mwaka 2006. Akanionyesha kwamba programu za kompyuta zimetajwa humo kati ya kazi zinazolindwa, kwamba huhitaji kusajili ili ulindwe, na kwamba ulinzi wa programu ni miaka 50 tangu ilipotolewa kwa umma. Uso ukanikunjuka. Kisha akanionyesha kifungu kingine: kazi uliyoifanya ukiwa umeajiriwa, au uliyoagizwa na mtu, hakimiliki yake ni ya aliyekuajiri au aliyekuagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo.

Kwa hiyo programu ile haikuwa yangu tangu siku ya kwanza. Sheria ilifanya kazi yake vizuri kabisa, ila ilikuwa upande wa pili wa meza.

Sasa nisikilizeni vizuri. Tangu siku ile, kwa zaidi ya mwaka mzima, mteja akiniagiza kitu nilimpa alichotaja na si zaidi. Sikukaa tena na mhasibu jioni nne. Kisanduku kikihitajika, mteja akitaje mwenyewe. Hakimiliki ile ile inayosemekana inachochea ubunifu ndiyo iliyouzima wangu, kwa sababu ilikuwa mikononi mwa mtu ambaye hakubuni chochote.

Wala haikuwa miaka 50 ya ulinzi iliyonifanya nibuni kile kisanduku. Ni yule mama na daftari lake. Mnasemaje?

Mkongwe wa Wandegeya

Mwanangu, pole sana. Hadithi yako imenigusa, lakini umekimbilia hitimisho.

Mimi niliandika programu ya maduka ya dawa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati huo tunauza kwenye CD. Ilionya dawa ikikaribia kuisha muda, na mwenye duka aliweza kuona dawa ipi inalala kwenye rafu. Niliuza nakala sita. Baadaye nikawa naikuta kwenye maduka ambayo sikuwahi kukanyaga, imenakiliwa, na kila wakiharibikiwa wananipigia mimi simu kwa sababu jina langu lilikuwa mle ndani. Nakala sita hazilishi nyumba. Toleo la pili nililikuwa nimelichora lote kwenye karatasi: lingeunganisha maduka mawili ya mwenye mmoja. Karatasi zile ziko kwenye sanduku nyumbani mpaka leo. Nikaenda kuuza simu.

Wewe unazungumzia toleo la kwanza. Hilo ni kweli, mtu huliandika kwa sababu ameona shida na moyo umemtuma. Lakini programu si shairi, ukimaliza ukaweka kalamu chini. Mwaka kesho serikali inabadilisha kodi, simu mpya zinatoka, mteja anataka ripoti nyingine. Nani atakaa nayo miaka kumi bila kulipwa?

Hili si la Uganda tu. Februari 1976 Bill Gates, akiwa na miaka 20, aliwaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta Marekani. Alilalamika kwamba waliokuwa na kompyuta ya Altair na kununua BASIC, lugha ya programu ambayo yeye na wenzake waliiandikia kompyuta hiyo, hawafiki asilimia 10, wengine wamenakili, na kwamba ukigawanya mapato kwa saa walizofanya kazi haifiki dola 2 kwa saa. Soma barua ile utadhani imeandikwa na kijana wa Ntinda.

Mleta uzi (Kampala)

Mzee, shikamoo. Nimekusikia na nakubali kuhusu toleo la pili. Sikuwa nimelifikiria hivyo.

Ila angalia tarehe. Gates aliandika barua ile 1976. Sheria ya Marekani ilikuja kusema wazi kwamba programu za kompyuta zina hakimiliki mwaka 1980. BASIC ilikuwa tayari imeandikwa na inauzwa. Ubunifu ulitangulia, sheria ikafuata nyuma kugawa mapato.

Mkongwe wa Wandegeya

Marahaba. Lakini jiulize kampuni yake ingefika wapi bila ile ya 1980.

Dada wa Mbale

Kaka mleta uzi, na wewe Mzee wetu, naomba niingie kati maana nyote mnazungumzia kuuza nakala. Iko njia nyingine na wengi wetu ndiko tunakokula.

Mimi nafanya kazi ya mifumo ya afya. Takwimu za vituo vya afya nchini mwetu zinapita kwenye DHIS2, iliyolelewa na Chuo Kikuu cha Oslo. Rekodi za wagonjwa katika vituo vingi ziko kwenye UgandaEMR, iliyojengwa juu ya OpenMRS. Zote mbili ni programu huria. Msimbo wake, yaani maandishi ya ndani yanayoiendesha programu, uko wazi, unaupakua bure, unaubadilisha. Hakuna anayekulipa kwa nakala. Na bado ninalipwa mshahara, kwa sababu kituo cha afya hakihitaji nakala, kinahitaji mtu wa kukaa nayo.

Niwape mfano. Kuna kituo huku mlimani ambako umeme ukikatika, unakatika siku mbili. Muuguzi anajaza fomu ya mama mjamzito, anafika ukurasa wa tatu, betri inakufa, yote yamepotea. Anaanza upya huku mama amekaa kwenye benchi. Nilikuja nikabadilisha fomu ile iwe inahifadhi kila kisanduku pale tu anapotoka kwenda kinachofuata. Ni mistari michache. Kama programu ile ingekuwa imefungwa, ningeandika barua kwa mwenye kampuni nchi za mbali na kungoja. Kwa kuwa ilikuwa wazi, muuguzi aliipata Ijumaa ile ile. Baadaye niliyarudisha mabadiliko kwa wenzangu na vituo vingine wakayachukua.

Ubunifu mwingi wa programu uko hivyo. Ni mdogo mdogo, unakaa juu ya kazi ya mwingine. Kila unapoweka ukuta, unazuia mia za aina hiyo ili umlinde mmoja.

Mkongwe wa Wandegeya

Binti yangu, hao wa Oslo wanafadhiliwa. Mimi nani alinifadhili? Duka la dawa la Wandegeya halina mfadhili.

Dada wa Mbale

Hilo ni kweli, Mzee, silikatai. Fedha za wafadhili zikikauka tutajua.

Lakini nisieleweke vibaya. Sisi wa programu huria hatuikatai hakimiliki. Leseni zetu zinasimama juu yake. Linus Torvalds alipoitoa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, mwaka 1991 aliipa leseni yake mwenyewe iliyokataza kuuza, na mwaka 1992 akahamia leseni ya GPL ya Richard Stallman. GPL inasema: chukua, badilisha, hata uza, lakini ukiisambaza sharti utoe na msimbo kwa masharti hayo hayo. Sharti hilo lina meno kwa sababu tu mwandishi ana hakimiliki. Mwaka 2004 mahakama ya Munich, Ujerumani, iliamua hivyo dhidi ya kampuni iliyotumia programu ya GPL kwenye vifaa vyake vya mtandao bila kufuata leseni. Bila hakimiliki, kampuni ile ingechukua na kufunga mlango, nasi tungebaki kulalamika.

Kwa hiyo kaka, kisu ni kile kile. Swali lako la nani anakishika ndilo swali lenyewe.

Kijana wa Busia

Naomba kuuliza, samahani kama swali ni la kitoto. Nataka kutengeneza programu ya kuita boda hapa mpakani, abiria anaona boda aliye karibu na bei kabla hajapanda. Rafiki yangu ananiambia nitashtakiwa kwa sababu Kampala SafeBoda walishaanza zamani. Ni kweli?

Wakili wa Jinja

Kijana, swali si la kitoto hata kidogo. Na mleta uzi, nitakujia.

Hakimiliki haishiki wazo. Sheria yetu ya 2006 inasema wazi kwamba mawazo, dhana, taratibu na njia za kufanya jambo hazilindwi. Kinacholindwa ni namna ulivyoliandika. Kuita boda kwa simu na kuonyesha bei ni wazo. Usichukue msimbo wao, picha zao, maandishi yao wala nembo yao. Jina na nembo zina sheria yake nyingine, ya alama za biashara. Andika yako, uwe na amani.

Tungekuwa wapi kama wazo lingefungwa? Safaricom walianza M-Pesa Kenya 2007, MTN wakaja na Mobile Money hapa kwetu 2009. Na ndivyo ilivyokuwa kwa zile programu za majedwali ambazo wahasibu wote wanatumia. Ya kwanza kushika soko ilikuwa VisiCalc, 1979. Lotus 1-2-3 ikaja 1983 na wazo lile lile, ikaipiku. Excel ikafuata 1985. Kila mmoja alichukua wazo la mwenzake akaliboresha. Kisha Lotus wenyewe wakataka kufunga mlango nyuma yao, wakawashtaki Borland kwa kuiga mpangilio wa amri za menyu. Mahakama ya rufaa kule Boston ikasema mwaka 1995 kwamba menyu ni njia ya kuendesha programu, hailindwi. Mahakama Kuu kabisa ya Marekani iligawanyika nne kwa nne mwaka uliofuata, hivyo hukumu ile ikabaki.

Kesi ya karibuni na kubwa zaidi ni ya Google na Oracle. Google walipotengeneza Android walichukua mistari kama 11,500 ya Java (lugha ya programu ya Oracle), ile inayotaja majina na mpangilio wa amri, ili waandishi wa programu wasijifunze upya. Utendaji wenyewe waliuandika wao. Kesi ilichukua zaidi ya miaka kumi. Aprili 2021 majaji sita dhidi ya wawili walisema yalikuwa matumizi halali. Majaji hawakusema kwamba mistari ile haina hakimiliki. Waliliacha swali hilo kando, wakasema hata kama inayo, matumizi yale yanaruhusiwa, na kuyazuia kungedhuru ubunifu wa wengine. Hizo ni mahakama za nje, hazitufungi sisi, lakini mawakili wetu watazisoma siku kesi ya namna hii itakapofika Kampala.

Sasa mleta uzi. Wakili wako alikuambia kweli. Lakini usidhani ndivyo ilivyo dunia nzima. Sheria ya Uingereza ya 1988 inampa mwajiri kazi ya mfanyakazi wake, ila fundi wa kujitegemea aliyeagizwa hubaki na hakimiliki yake mpaka aihamishe kwa maandishi na sahihi. Sisi tumemwongezea anayeagiza. Na hakuna mkataba wa kimataifa uliotulazimisha. TRIPS, mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za wabunifu, inataka programu zilindwe kama kazi za fasihi, haisemi hakimiliki ianzie kwa nani. Tena nchi maskini zaidi, Uganda ikiwemo, zimepewa muda mpaka tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kubanwa na sehemu kubwa ya TRIPS. Kifungu kile ni chaguo letu, na Bunge letu linaweza kukigeuza.

Kabla Bunge halijakigeuza, kalamu iko mkononi mwako. Maneno "isipokuwa mmekubaliana vinginevyo" ndiyo mlango. Na kwa faida ya wote: Sheria ya Mikataba ya 2010 inataka mkataba unaozidi shilingi 500,000 uwe wa maandishi. Makubaliano yenu ya milioni mbili kwa mdomo yalikuwa na ufa hata kabla ya kufika kwenye hakimiliki.

Kijana wa Busia

Asante sana wakili. Leo nalala usingizi.

Mkongwe wa Wandegeya

Wakili, mimi nilikuwa na kila kitu. Programu ilikuwa yangu, hakuna aliyeniagiza, sheria upande wangu. Nilifanyaje? Kumshtaki mwenye duka la dawa kwa nakala ya shilingi laki mbili? Nauli ya mahakamani tu ingeimaliza.

Wakili wa Jinja

Mzee, hapo sina jibu la kukufurahisha. Haki unayo, gharama ya kuidai ni kubwa kuliko kitu chenyewe. Ndiyo maana wengi siku hizi hawauzi nakala tena. Programu inakaa kwenye seva yao, mteja analipia kila mwezi kwa Mobile Money, asipolipa mlango unajifunga. Faili la kunakili halipo mikononi mwake.

Dada wa Mbale

Na intaneti ikikatika? Huku mlimani njia hiyo haifiki mbali. Na data za watoto wa shule kukaa kwenye seva ya mtu mmoja ni jambo la kuliangalia vizuri, ndugu zangu.

Mleta uzi (Kampala)

Nimesoma yote mara mbili. Mzee wa Wandegeya, nakiri nilipotoka mahali pamoja. Niliandika kana kwamba ulinzi hauna kazi. Zile karatasi zako kwenye sanduku ni ubunifu uliokufa kwa kukosa ulinzi, kama wangu ulivyozimwa na ulinzi uliokwenda kwa mwingine. Natamani ungezitoa. Maduka ya dawa ya wenye matawi mawili yako mengi sasa.

Lakini bado nashikilia hili: anayetaka kuona vijana wabuni zaidi, asianze na msako wa nakala bandia. Aanze na kile kifungu cha kazi za kuagizwa. Karibu kila fundi ninayemjua Kampala anaishi kwa kazi za kuagizwa, wala si kwa kuuza nakala. Huyo ndiye ambaye sheria inamwambia tangu mwanzo kwamba bidii yake ya ziada ni zawadi kwa mteja.

Wakili, swali moja la mwisho. Kile kisanduku. Je, naruhusiwa kukiandika tena kwa mteja mwingine?

Wakili wa Jinja

Msimbo ule wa zamani usiuguse, usiufungue hata kwa kuangalia. Lakini wazo la kupokea maharagwe kama karo si la shule ile, wala si lako. Anza na ukurasa mtupu, andika upya kutoka kichwani, uweke tarehe za kazi yako. Na safari hii mkataba kwanza.

Kijana wa Busia

Kaka, na mteja akikataa kusaini kwamba hakimiliki ni yako?

Mleta uzi (Kampala)

Hilo limenikuta mwezi uliopita. Nilimpa bei mbili kwenye karatasi moja. Ya kwanza, hakimiliki inakuwa yake yote, bei mara tatu. Ya pili, hakimiliki inabaki kwangu, yeye na shule yake wanatumia bila kikomo, wala hawezi kumpa mtu mwingine. Mkurugenzi alizitazama, akauliza kama kwa bei ya pili programu itaacha kufanya kazi siku moja. Nikamwambia hapana. Akasaini ya pili hapo hapo.

Kwa hiyo nimeanza. Faili la zamani nimelitoa kwenye kompyuta kabisa. Nimekaa tena na mhasibu, jioni mbili mpaka sasa. Hii shule iko upande wenu, Dada wa Mbale, na wazazi wengi wanalipa kwa kahawa. Nimeweka aina, kilo, bei ya siku na jina la aliyepima. Kuna ninachokosa?

Dada wa Mbale

Kiko kimoja. Usiweke "kahawa" peke yake. Kuna anayeleta mbichi nyekundu kama ilivyochumwa leo, na kuna anayeleta iliyokobolewa na kukaushwa. Bei zake hazikaribiani. Ukiziweka kisanduku kimoja, mhasibu atagombana na wazazi wiki ya kwanza. Weka viwili. Na usiweke bei ya siku tu, weka na jina la mnunuzi aliyeitaja, maana kwa kahawa kila mmoja huja na yake.

Mleta uzi (Kampala)

Naongeza usiku huu huu.